Lenana na Rungu la Mbatian

Chama chetu kimeniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa hapa Kajiado, tena yaguse ile mada ya kulinda namba za siri na kadi za benki wakati wa kununua vitu mtandaoni. Nadhani wengi walitarajia tajiri wa kompyuta kutoka Marekani. Mimi nimemchagua Lenana, laiboni wa Wamaasai, mtu ambaye hakuwahi kushika simu maishani mwake. Ngojeni mwone.

Jina lake tunalijua sote. Kilele cha tatu kwa urefu cha Mlima Kenya, mita 4,985, kinaitwa Lenana, na kuna shule kubwa Nairobi yenye jina hilohilo. Wenyewe humwita Olonana. Alikuwa mtoto wa Mbatian, laiboni mkuu wa ukoo wa Inkidongi, ambaye naye amepewa kilele kirefu kuliko vyote katika mlima huo.

Laiboni hakuwa mfalme. Kazi yake ilikuwa kutabiri, kutoa dawa na kuwabariki morani kabla hawajaenda vitani. Lakini alikuwa na vitu vya kumtambulisha: rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mfuko. Aliyekuwa navyo ndiye aliyesikilizwa. Hapo ndipo penye kisa chetu.

Mwaka 1890 hivi, Mbatian alikuwa mgonjwa wa kufa. Aliwaita wazee wa Matapato, upande wa kusini wa Kajiado ya leo, akawaambia kwamba mrithi wake atakuwa yule mwana atakayempa vitu hivyo. Wazee walipoondoka alimwita mwanawe mkubwa, Sendeyo, akamwagiza aje kesho asubuhi avichukue. Kumbe Lenana alikuwa amejificha ndani ya zizi la ndama, anasikia yote! Alfajiri na mapema akaingia kwa baba yake akasema kwamba amekuja. Mzee alikuwa na jicho moja tu, tena uzee umemlemea. Akampa rungu, pembe, kibuyu, mawe na mfuko, na baraka juu yake. Sendeyo alipofika akaambiwa ndugu yake ameshapita.

Ndivyo alivyokiandika kisa hiki A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wamaasai, kilichotoka mwaka 1905. Waliosoma Biblia watamkumbuka Yakobo na Esau. Mimi sisemi kwamba kila neno lilikuwa hivyo hivyo, maana habari za kurithi ukubwa kila upande husimulia kwa faida yake. Lakini hebu tukitazame vizuri.

Lenana hakuvunja mlango wala hakumpiga mtu. Alihitaji mambo mawili tu: kujua ni kitu gani kitatolewa, na saa ya kutolewa. Wakora wa siku hizi hufanya vivyo hivyo. Tuseme mama wa Kitengela ameagiza viatu kwa simu. Anapigiwa na mtu anayejua kwamba ameagiza, tena anajua ni viatu, basi anamwamini. Anaambiwa kuna namba imetumwa kwa ujumbe, aisome ili mzigo uletwe. Namba ile ndiyo rungu la chuma! Benki haiulizi aliyeileta ni Sendeyo au ni Lenana. Inaona namba ni sawa, inatoa pesa.

Mbatian angefanya nini? Angeweza kumtuma kijana akamwite Sendeyo kwake. Yaani ukipigiwa simu, kata, kisha piga wewe mwenyewe namba unayoijua ya duka au ya benki. Ukitumiwa kiungo cha duka kwa ujumbe, usikibonyeze, andika anwani ya duka kwa mkono wako. Na simu inapokuuliza namba ya siri ya M-Pesa, kwanza soma jina la anayelipwa na kiasi kilichoandikwa pale, kwa sababu vidole vyetu vina haraka kuliko macho. Na hili la zizi la ndama, jamani! Nani hajamsikia abiria ndani ya matatu ya barabara ya Namanga akimsomea mtu kwa sauti namba zote za kadi yake, pamoja na zile tatu za nyuma? Ndama wote wanasikia.

Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inasema anayetumia namba ya siri ya mwingine kwa ulaghai anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Ni vizuri, lakini kwanza ashikwe. Sendeyo yeye hakuwa na mahakama. Alikasirika akaapa kwamba hatatawaliwa na ndugu yake.

Baada ya Mbatian kufa, Wamaasai waligawanyika, wengine kwa Lenana, wengine kwa Sendeyo upande wa Loita. Wakati huohuo sotoka iliua ng'ombe na ndui ikaua watu. Ndugu wakapigana miaka mingi, na Sendeyo akaenda nchi ya Wajerumani. Mwaka 1902 alirudi kutafuta amani.

Lenana, aliyekaa sehemu za Ngong, alikuwa amefanya urafiki na Waingereza. Nao walimtambua kuwa mkubwa wa Wamaasai wote, cheo ambacho Wamaasai hawakuwahi kuwa nacho. Waliona rungu, wakadhani wamemwona mwenye nchi. Agosti 1904 yeye na wazee wengine waliweka alama zao kwenye mkataba, karatasi ya lugha wasiyoisoma. Bonde la Ufa, pamoja na malisho ya Naivasha na Nakuru, likaenda kwa walowezi. Wamaasai wakapewa Laikipia, na huku kwetu kusini mwa reli. Mkataba uliahidi kwamba utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haukufika miaka saba.

Lenana alifariki tarehe 7 Machi 1911. Maofisa wa serikali walitangaza kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia watu wake waitii serikali na wahame Laikipia. Maneno ya mtu anayekufa tena, yakiletwa na mtu mwenye haja nayo! Tarehe 4 Aprili mwaka huohuo mkataba wa pili ukawekwa alama, na jina la kwanza likiwa la mwanawe, Seggi, aliyekuwa kijana mdogo bado.

Wamaasai wa Laikipia, wakiongozwa na Legalishu, hawakukubali. Kesi ilipelekwa mahakamani. Mwaka 1913 mahakama ilisema kwamba ile mikataba ni kati ya mataifa mawili, kwa hiyo haina uwezo wa kuihukumu. Rufani nayo ikatupwa Desemba. Wakati huo watu na ng'ombe wao walikuwa wameshahamishwa kuja huku.