Euler, kijana aliyemkosoa mkubwa kwa 641

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nataka niwape habari za jamaa mmoja, Leonhard Euler (wenyewe wanatamka Oila). Mimi hesabu shuleni zilinipiga chenga, na matokeo yangu ya form four sitayataja hapa. Ila huyu bwana ningemjua mapema, labda mambo yangekuwa tofauti.

Alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake alikuwa mchungaji na alitaka mwanae naye awe mchungaji. Dogo akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 13. Bingwa wa hesabu wa pale, Johann Bernoulli, akawa anamwelekeza kila Jumamosi mchana, na ndiye aliyemshawishi mzee amwachie kijana afuate hesabu. Mwaka 1727 akaenda kutafuta maisha St. Petersburg, Urusi.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyeheshimika kweli kweli kwenye hesabu, alisema hivi: chukua mbili moja, au mbili 2, au 4, 8, 16, 32 na kuendelea, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, halafu jumlisha 1. Unapata 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini zote zinazofuata ni hivyo hivyo, ingawa hakuwa na uthibitisho. Inayofuata ni 4,294,967,297. Nani angekaa aigawe hiyo kwa mkono?

Desemba 1729 rafiki yake Euler, Christian Goldbach, akamwandikia barua kumuuliza kuhusu hilo. Mwaka 1732 Euler, miaka 25 tu, akatoa jibu: namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Kwisha habari! Miaka 92 neno la mkubwa lilikuwa limesimama.

Na hakubahatisha. Baadaye alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kiwe kigawe cha 64 ukijumlisha 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano tu! Nimepiga mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu, haibaki hata moja.

Maisha hayakumwonea huruma. Jicho la kulia liliharibika akiwa bado kijana. Kati ya watoto wake 13, watano tu ndio walifikia utu uzima. Alihamia Berlin 1741, akarudi St. Petersburg 1766, na jicho la pili nalo likazima. Mwaka 1771 nyumba yake ikaungua, yeye akaokolewa. Mwaka uliofuata, 1772, mzee haoni, akatangaza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana kubwa kuliko hiyo. Karibu nusu ya kazi zake alizitoa macho yakiwa yamekwisha, anasema na wengine wanaandika. Alifariki 18 Septemba 1783, siku ambayo alikuwa bado anapiga hesabu.

Wewe uliyekaa kafe hapo: anwani za IP za mtindo wa zamani, zile za namba nne zenye nukta, jumla yake ni 4,294,967,296. Ongeza 1 tu, unapata namba ile ile aliyoivunja Euler.

Kilichonigusa ni hiki. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, amesema. Darasani niliwahi kunyoosha kidole kuuliza kwa nini, nikaambiwa nikae chini. Euler hakumtukana Fermat wala kumdharau. Alihakiki tu, na mengine ya Fermat aliyathibitisha kuwa kweli. Heshima na kuuliza vinakaa nyumba moja jamani.

Je, wewe ulishawahi kumkosoa mkubwa ukiwa na ushahidi mkononi? Ilikuwaje? Maoni yenu hapo chini. Tupo pamoja.