Locard na nguo ambazo mzazi hapaswi kuzifua

Iwe unaishi Butimba au kwingineko, mtoto akikuambia amefanyiwa ukatili wa kingono, jambo la kwanza litakalokujia ni kumwogesha. Ni huruma ya mzazi. Kabla hujateka maji, soma habari za daktari huyu.

Edmond Locard alizaliwa Ufaransa mwaka 1877. Alipata shahada ya udaktari mjini Lyon mwaka 1902, akiwa mwanafunzi wa Profesa Alexandre Lacassagne, aliyetumia udaktari kuisaidia mahakama. Baadaye akarudi darasani kusomea sheria. Mwaka 1910 polisi wa Lyon walimpa vyumba viwili vya darini na wasaidizi wawili. Humo ikaanza moja ya maabara za kwanza za polisi duniani.

Miaka miwili baadaye, msichana mmoja alikutwa ameuawa kwa kukabwa shingo. Mpenzi wake alishukiwa, lakini marafiki walishuhudia kwamba usiku ule alikuwa nao wakicheza karata. Locard alikwangua uchafu chini ya kucha za kijana huyo na kuutazama kwa hadubini. Aliona chembe za ngozi zenye poda ya waridi, ile aliyojipaka marehemu usoni. Kijana akakiri.

Fundisho la Locard, aliyefariki mwaka 1966, ni kwamba watu wakigusana, kila mmoja humwachia mwenzake kitu: unywele, uzi wa nguo, majimaji ya mwili. Leo, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba katika vitu hivyo. Lakini haiwezi kupima kilichokwishaondolewa kwa sabuni.

Kwa hiyo usimwogeshe mtoto wala kumsafisha kinywa. Nguo zake zisifuliwe; kama amezivua, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Mfikishe kituo cha afya haraka, kabla saa 72 hazijapita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Fomu ya PF3 ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura yasiisubiri. Kwa msaada zaidi, piga 116 bure.

Na kama umeshamwogesha, usijilaumu wala usibaki nyumbani. Mlete. Bado tuna mengi ya kumpima na kumtibu.