Mtakatifu Atanasi: Askofu Aliyefukuzwa Mara Tano kwa Kumkiri Kristo Mungu Kweli

Kila Dominika baada ya homilia tunasimama na kukiri Kanuni ya Imani. Wengi wetu tuliikariri katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na labda kwa sababu hiyo tunaitamka upesi, huku mawazo yakiwa kwenye matoleo na matangazo. Yafaa tukumbuke kwamba sehemu ile inayomkiri Kristo kuwa Mungu kweli, mwenye umungu mmoja na Baba, ilimgharimu mtu mmoja miaka 17 ya uhamisho. Mtu huyo ni Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria na Mwalimu wa Kanisa, ambaye tunamwadhimisha tarehe 2 Mei.

Atanasi alizaliwa Misri mwishoni mwa karne ya 3. Utoto wake uliangukia miaka ya dhuluma kali ya Kaisari Dioklesyano, na alipofikia ujana Kanisa lilipata uhuru. Lakini hatari iliyofuata ilitoka ndani. Padre mmoja wa Aleksandria, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe: ni bora kuliko viumbe vyote, lakini si wa milele kama Baba. Fundisho hilo lilivutia kwa sababu lilionekana rahisi kueleweka. Tena Ario alilitia katika nyimbo, na inasimuliwa kwamba mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri waliziimba. Hivyo kosa likaingia masikioni mwa watu kabla hawajapata nafasi ya kulipima.

Mwaka 325 maaskofu wapatao 300 walikutana Nisea, katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Atanasi alikuwapo akiwa shemasi kijana, msaidizi wa Askofu wake Aleksanda. Mtaguso ulilikataa fundisho la Ario, na miaka mitatu baadaye Atanasi alichaguliwa kuwa Askofu wa Aleksandria, akiwa na umri wa miaka 30 hivi.

Mtu angedhani kwamba baada ya Mtaguso mambo yalitulia, lakini taabu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kaisari Konstantino alitaka utulivu katika dola yake, akaagiza Ario arudishwe katika ushirika wa Kanisa. Atanasi alikataa. Ndipo mashtaka yakaanza kumiminika. Alisingiziwa kumwua askofu aitwaye Arsenio na kuutumia mkono wake kwa uchawi, hata ukaonyeshwa mkono uliokatwa. Arsenio akapatikana akiwa hai, na inasimuliwa kwamba aliletwa mbele ya washtaki na mikono yake yote miwili. Hata hivyo, sinodi ya Tiro ya mwaka 335 ilimhukumu. Kisha akashtakiwa kwamba alitishia kuzuia nafaka ya Misri isifike Konstantinopoli. Kaisari akampeleka Trier, katika Ujerumani ya leo.

Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza kati ya mitano. Katika ule wa pili alikimbilia Roma, akapokewa na Papa Yulio I. Mwaka 355 Kaisari Konstansio aliwakusanya maaskofu Milano na kuwashurutisha wamlaani Atanasi; wengi wao walitia sahihi, na waliokataa walipelekwa uhamishoni. Mwezi Februari 356, usiku, askari walilizingira kanisa alimokuwa akikesha pamoja na waumini wake. Aliponyoka, akajificha miaka sita kati ya wamonaki wa jangwani. Huko hakukaa bure, bali aliandika. Mojawapo ya kazi zake ni maisha ya Mtakatifu Antoni, kitabu kilichowavuta wengi katika maisha ya kitawa. Aidha, ndiye aliyemweka wakfu Mtakatifu Frumensyo kuwa Askofu wa kwanza wa Aksum, na hivyo Kanisa la Ethiopia linamhesabu kati ya mababa zake.

Kwa nini aliteseka hivyo kwa ajili ya neno moja? Kwa sababu aliona kwamba katika neno hilo umo wokovu wetu. Kiumbe hawezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Kama Kristo si Mungu, basi Ubatizo wetu hautufanyi wana wa Mungu, na msalaba ni kifo cha mtu mwema tu. Kwake hilo halikuwa suala la wasomi peke yao. Lilimhusu kila mama aliyemleta mtoto wake kwenye maji ya Ubatizo.

Lakini tusimfanye Atanasi kuwa msimamizi wa wagomvi. Mwaka 362, aliporudi toka jangwani, aliitisha sinodi Aleksandria. Wale waliokuwa wameyumba chini ya shinikizo alitaka wapokewe, mradi waikiri imani ya Nisea. Waliotumia maneno tofauti kwa imani ileile aliwasikiliza na kuwapatanisha. Mtu aliyekuwa ameumizwa kiasi kile angeweza kudai kisasi. Yeye alitafuta umoja. Wala hakuanzisha Kanisa lake mwenyewe pale maaskofu wenzake walipomwacha.

Ndugu zangu, Ario angeweza kupata wafuasi wengi leo. Tunamsikia kila tunapomhubiri Yesu kama mwalimu wa maadili tu, au kama mganga wa kutupatia kazi, ndoa na fedha, bila kututaka tuongoke. Tunamsikia hata katika baadhi ya nyimbo zetu ambazo midundo yake ni mizuri lakini mafundisho yake ni matupu. Sisi mapadre nasi tunajaribiwa kunyamaza mbele ya mfadhili au kiongozi mwenye nguvu ili ujenzi wa parokia usikwame. Nakiri kwamba jaribu hilo nalijua. Kwa upande mwingine, wapo wanaojiita watetezi wa imani huku wakiwatukana wachungaji wao na kuwagawa waumini. Hao nao hawamfuati Atanasi, kwani yeye aliulinda ukweli bila kuuacha upendo.

Miaka yake ya mwisho aliishi kwa amani katika mji wake. Alifariki tarehe 2 Mei 373, baada ya miaka 45 ya uaskofu. Hakuishi kuona ushindi kamili wa imani aliyoitetea, kwani Mtaguso wa Konstantinopoli uliithibitisha mwaka 381. Alipanda, wengine wakavuna.

Basi, Dominika ijayo tutakaposimama kuikiri imani yetu, tuitamke polepole, tukijua tunamkiri nani.

Mtakatifu Atanasi, utuombee.