Edward Steere na Kauli ya Kutendesha

Wengi wetu katika kitivo tunamjua Edward Steere kama jina kwenye jalada la sarufi kuukuu. Mimi namwona kwanza kama mwanafunzi wa lugha. Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer hadi nchi ya mto Shire, na mwaka uliofuata misheni yao ikahamia Unguja.

Unguja ya wakati huo ilikuwa bado na soko la watumwa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer. Sarufi ya Krapf ya mwaka 1850 ilikuwepo, lakini ilifuata Kiswahili cha Mombasa. Steere akaketi na wenyeji, akasikiliza hadithi zao na kuziandika. Mwaka 1870 alichapisha vitabu viwili: sarufi yake na mkusanyiko wa ngano za Unguja.

Kinachonivuta katika sarufi ile ni vitenzi. Steere alieleza jinsi -sha na -za zinavyojenga kauli ya kutendesha, na akaeleza ukanushi pia. Tuviunganishe viwili hivyo. Hakumlisha mtoto: kinachokanushwa ni kulisha, na huenda mtoto alikula mwenyewe. Alimfanya mtoto asile: hapo mtoto amezuiwa. Kijapani nacho kina tabesasenai: tabe ni kula, sase ni kutendesha, nai ni kukanusha. Sisi tunaweka ukanushi mwanzoni, Wajapani wanauweka mwishoni, lakini katika lugha zote mbili kutendesha kumekaa karibu zaidi na mzizi, na ukanushi unakifunika kitenzi chote kutoka nje. Anayejifunza Kijapani akitoka kwenye Kiswahili ana nusu ya somo tayari.

Hapa Kinsevere, kwenye shaba kaskazini mwa Lubumbashi, tofauti hiyo ina uzito. Mfanyakazi akisema hawakutufanyisha kazi, anaeleza kwamba hakupewa kazi. Akisema walitufanya tusifanye kazi, anamlaumu mtu kwa kumzuia. Mkalimani anayezichanganya sentensi hizo katika Kifaransa anaweza kumtwisha mtu kosa lisilo lake, au kumwondolea lililo lake. Nadhani Steere, aliyesomea sheria, angeliona jambo hilo haraka kuliko wengi wetu.

Mwaka 1874 alifanywa askofu. Alisimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, akafariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo. Sarufi yake imepitwa na nyingine kwa mengi. Hata hivyo namshauri kila anayeanza somo la mnyambuliko aisome sura ya vitenzi, akijiuliza kwa kila mfano: nani ametenda, nani ametendesha, na kilichokanushwa ni kipi.