Charlie Chaplin: Mchekeshaji Aliyemkabili Dikteta

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, wengi wetu tumepata kumwona yule mtu mfupi wa sinema zisizo na sauti: suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, bakora mkononi na masharubu madogo kama brashi. Tulicheka, kisha tukaenda zetu. Leo twapenda kueleza habari za mtu mwenyewe, kwa maana kicheko chake kilikuwa na shabaha.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa mwezi Aprili, 1889, nchini Uingereza. Wazazi wake walikuwa waimbaji wa majukwaani. Baba alizama katika ulevi, na mama akapatwa na maradhi ya akili. Alipokuwa na miaka 7, Charlie alipelekwa pamoja na kaka yake Sydney katika nyumba ya mafukara ya Lambeth, London. Angali mtoto alianza kutafuta riziki jukwaani. Mwaka 1908 aliingia katika kundi la Fred Karno, na safari za kundi hilo zikamfikisha Marekani. Mwaka 1914 alianza kucheza sinema, na mwaka huohuo akabuni vazi la mzururaji lililomtangaza duniani kote.

Katika Easy Street ya mwaka 1917, mzururaji huyo anavaa sare ya polisi na kupangiwa doria katika mtaa uliowashinda wenzake. Jitu la mtaa huo linapokunja nguzo ya taa ya gesi ili kuonyesha nguvu zake, polisi mdogo analifunika kichwa kwa taa ileile, nalo linazimia. Akili imeshinda misuli.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, na wako waliomlaumu Chaplin kuwa ni mwoga aliyekwepa vita. Yeye alizunguka Marekani mwaka 1918 akihimiza wananchi wanunue hati za mkopo wa vita. Mwezi Oktoba mwaka huo alitoa Shoulder Arms, sinema ya kuruta aliyemo ndani ya handaki lililojaa maji, ambaye anaota kuwa amemteka Kaisari wa Ujerumani. Kuchekesha juu ya mahandaki wakati watu wangali wanafia humo lilikuwa jambo la hatari. Lakini askari waliotoka vitani waliipenda, kwa sababu waliona taabu zao wenyewe humo, wala hawakuona dharau.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja baadaye. Adolf Hitler alizaliwa siku 4 tu baada ya Chaplin, naye alikuwa na masharubu ya namna ileile. Mwaka 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, Chaplin alitoa The Great Dictator. Humo alicheza watu wawili: dikteta mwenye majivuno, na kinyozi Myahudi aliyepata kuwa askari. Mwishoni kinyozi anadhaniwa kuwa ndiye dikteta, na badala ya kuchochea vita anawasihi askari wasijitoe kwa madhalimu wanaowageuza mashine. Baadaye Chaplin alikiri kwamba lau angalijua maovu yote ya kambi za mateso, asingalithubutu kuyafanyia mzaha.

Ulimi wake ulimponza. Mwaka 1952, akiwa safarini kwenda London, wakuu wa Marekani waliifuta ruhusa yake ya kurudi, kwa kumshuku kuwa mfuasi wa ukomunisti. Alihamia Uswisi. Alirudi Marekani mwaka 1972 kupokea tuzo ya heshima ya Oscar, na mwaka 1975 Malkia wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 25 Desemba, 1977.

Hata kaburini hakuachwa. Mwezi Machi 1978 wezi waliiba jeneza lake wakadai fedha kwa familia. Polisi wa Uswisi walivizia vibanda vya simu, wakawakamata watu wawili, na mwezi Mei jeneza likapatikana.

Sisi tuvaao sare tuna la kujifunza. Sare yenye heshima haivunjwi na kicheko. Ni dhalimu ndiye aogopaye kuchekwa. Na askari ajuaye kujicheka mwenyewe si rahisi kugeuzwa mashine.