Paul Walden: Yatima aliyegundua chumvi isiyohitaji tanuri

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Kariobangi, mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi, huijua chumvi kuwa adui wa chuma. Bati lililokaa katika maji ya chumvi huliwa na kutu upesi. Hata hivyo, kuna chumvi za namna nyingine ambazo watafiti huzijaribu kama kilainisho cha vyuma vinavyosuguana, na aliyefungua njia hiyo ni mwanakemia Paul Walden.

Walden alizaliwa Julai 26, 1863, katika eneo ambalo leo ni nchi ya Latvia, wakati huo likiwa chini ya Urusi. Wazazi wake, waliokuwa wakulima, walifariki angali mtoto. Alisomea mjini Riga, ambako Wilhelm Ostwald, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1909, alimwelekeza katika utafiti. Mwaka wa 1896 alijipatia sifa kwa kuonyesha kwamba asidi ipatikanayo katika matufaha yaweza kugeuzwa, hatua kwa hatua, ikawa pacha wake wa kwenye kioo.

Kilichomletea jina la kudumu, lakini, kilikuja mwaka wa 1914. Chumvi ya mezani huyeyuka kwa nyuzi 801 za Selisiasi. Walden alitaka kupima jinsi chumvi iliyoyeyuka inavyopitisha umeme, bila adha ya tanuri. Akapata nitrati ya ethiliamonia, ambayo huyeyuka kwa takriban nyuzi 12. Ndani ya nyumba ya Buruburu au Umoja, isingeganda kwa urahisi hata Julai.

Kiowevu hicho kimeundwa kwa ioni tupu, yaani chembe zenye chaji chanya na hasi. Kikigusa chuma chenye chaji hasi, ioni chanya hukimbilia pale na kujipanga, mara nyingine kupita kiasi kinachohitajika. Ioni hasi hufuata katika safu ya pili kusawazisha, kisha chanya tena, mpaka mpangilio unapofifia baada ya safu chache. Vipande viwili vya chuma vikibanwa, safu hizo hutoka moja baada ya nyingine, lakini ya mwisho hung'ang'ania. Hapo ndipo penye tumaini la kuzuia msuguano, ingawa baadhi ya chumvi hizi zikipata unyevu hutoa asidi inayokula chuma kilekile.

Walden hakuyaona hayo. Mapinduzi ya Urusi yalimsukuma Ujerumani mwaka wa 1919, akawa profesa mjini Rostock hadi 1934. Mabomu ya 1942 yaliteketeza maktaba yake ya maelfu ya vitabu, hasara kubwa kwa mzee aliyekuwa akiandika historia ya kemia. Alifariki Januari 22, 1957, mjini Gammertingen, akiwa na umri wa miaka 93. Chumvi yake ilisubiri hadi miongo ya mwisho ya karne ya 20 ndipo maabara nyingi zilipoigeukia.