Nishi, mpanda farasi wa ridhaa aliyeibeba Japan
TAKEICHI Nishi alizaliwa Tokyo mwaka 1902, mtoto wa kishua kweli: baba yake aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Akawa ofisa wa jeshi, ila ugonjwa wake ulikuwa farasi.

Mwaka 1930 akampata Uranus huko Italia, farasi mrefu na mkorofi. Jeshi halikutoa hela, jamaa akazama mfukoni mwenyewe. Wakaelewana.

Olimpiki enzi hizo ilikuwa ya ridhaa. Los Angeles, Agosti 14, 1932, viunzi vilikuwa vigumu mpaka hakuna timu iliyofikisha wapanda farasi wake wote watatu mwisho. Nishi akamaliza na pointi nane za makosa, Mmarekani Harry Chamberlin 12. Dhahabu ikaenda Japan, na hadi leo ndiyo pekee waliyopata kwenye mchezo wa farasi.

Kisha vita. Machi 1945 Nishi, sasa kamanda wa vifaru, alifia Iwo Jima akipigana na Wamarekani, walewale waliomshangilia. Muda mfupi baadaye, Uranus naye akafa Tokyo.